Maji Haya ni Dawa

Songea, Jumanne jioni

Mdomo wangu mwenyewe ndio umeniponza. Leo ni siku ya tano najifunza kuuguza katika nyumba ya wagonjwa hapa bomani. Nimechoka kuliko nilipokuwa nabeba mawe ya kujengea boma la Wajerumani.

Bwana daktari alinipa kikombe cha kwinini nimpe mzee mwenye homa. Nikamwambia, "Babu, kunywa maji haya, ni dawa."

Wagonjwa wote wakageuka kunitazama. Maneno hayohayo tuliambiwa kabla ya vita, kwamba tukinywa, risasi za Wajerumani zitageuka maji. Mzee yule alizika wanawe watatu waliokunywa.

Akafunga mdomo. Bwana daktari akasema, "Asipokunywa, kesho urudi kwenye mawe." Mawe siyawezi tena. Mgongo umekwisha, na tangu mke wangu afe kwa njaa iliyofuata vita, wa kunikanda hakuna.

Nikamwambia mzee ukweli. "Babu, hata mimi niliyanywa yale."

"Na haya?"

"Haya bado."

"Basi anza wewe, mjukuu wangu."

Nikanywa nusu. Uchungu mpaka masikioni. Akanitazama muda mrefu, labda aone kama nitaanguka. Kisha akachukua kikombe, akamaliza, akafuta ndevu.

"Haya," akasema, "sasa risasi hazinipati?"

Wagonjwa wakacheka, hata yule aliyekatwa mguu. Mimi nikachukua kikombe kukiosha.

Kesho asubuhi ana kikombe kingine. Amesema nusu ni yangu.