Chumvi Uliyoiacha Sebuleni

Tata,

Naanza na habari ambayo ungeiuliza kwanza, kabla hata hujauliza kama tumekula: maji yako hayajavuja. Ile kona ya kushoto uliyoipaka silikoni mara tatu, ukamfukuza fundi wa vioo ukisema ana mkono wa kupaka siagi, imeshika. Leo ni Jumapili, Mama yuko kanisani, mimi nimekaa mbele ya tangi kwenye kiti chako naandika. Nisamehe kwa kukaa kwenye kiti chako.

Miezi saba sasa, na neno "marehemu" bado halinitoki mdomoni. Juzi kule maabara mgonjwa mmoja wa Sirari aliniuliza, "Mzee hajambo?" Nikajibu hajambo. Halafu nikageukia chupa zangu za damu nikajifanya nasoma lebo.

Unakumbuka ulivyorudi kutoka Nairobi? Tulikutuma ukapimwe moyo, wewe ukarudi na ugonjwa mwingine. Mama anauliza daktari kasema nini, unamjibu, "Mama Bhoke, kuna samaki mmoja wa manjano pale, anatembea kama amechelewa kikao." Kumbe kwenye chumba cha kusubiria walikuwa na bahari ndani ya kioo, na jina lako liliitwa mara mbili hukusikia. Mtu amezaliwa Tarime, amelelewa na ng'ombe, amemaliza ujana wake Sirari akikimbizana na karatasi za mizigo ya watu mpakani, bahari yenyewe hajaiona hata siku moja, eti anataka bahari sebuleni. Na si bahari ndogo. Mita mbili!

Mama alisema, "Sisi samaki tunawala, hatuwatazami." Ukacheka, ukahamisha kochi kubwa barazani.

Basi nikawa msaidizi wako, mimi niliyedhani najua vipimo. Tukachomelesha meza ya chuma. Tukaweka chujio la maji, maana ulisema maji ya bomba hayana adabu. Tukafunga kipasha joto, kwa sababu baridi hii ya Tarime hao samaki wangeomba sweta. Pampu ukaiunganishia betri, umeme ukikatika isife. Ile chumvi maalumu iliyokuja kwa ndoo uliikoroga kwa mwiko wa ugali wa Mama, akakununia siku mbili. Nilikuwa nakuletea kile kipimo cha kuchungulia kwa jicho moja, tusome iwe thelathini na tano. Wewe unachovya kidole, unalamba, unasema, "Bado kidogo." Nikipima, kweli bado kidogo. Iliniudhi, Tata. Leo nakwambia ukweli, iliniudhi sana.

Kisha ukapanga mawe, ukamwaga mchanga, ukatangaza kwamba sasa maji lazima yaive. Wiki na wiki bila samaki, mpaka vile vijidudu visivyoonekana vizaliane kwenye mawe vianze kusafisha uchafu. Mtaa wote wa Bomani ukapita hapa kuona bahari ya mzee, ukakuta mawe. Mimi nikikusukuma tununue samaki hata mmoja wa kuanzia, unaniambia, "Bhoke, maharage mabichi yanaumiza tumbo la nani? La mwenye haraka."

Wiki ya tano ya kungoja ndipo moyo wako ukasimama. Maji hayajaiva. Hukuona hata konokono.

Sasa nikueleze yaliyofuata, mengine yana aibu yangu ndani yake.

Kwenye kikao cha ukoo baada ya mazishi, Baba mdogo Marwa alisimama akasema lile sanduku la maji litolewe, wageni wa msiba wanakosa pa kukaa. Mama akasema, "Litolewe. Mimi sikuolewa na samaki." Akasema pia kwamba yeye atarudi kijijini akakae karibu na kaburi lako, mjini kuna nini tena. Niliomba mbele ya wazee wote, nikapiga magoti, mimi ambaye ulikuwa unasema magoti yangu ni ya mti. Mama akanipa muda mpaka mahindi yavunwe. Kama mpaka hapo hakuna kitu kinachoishi humo kikaeleweka, tangi linatoka na yeye anaondoka. Nilimwelewa. Ningebaki na nyumba tupu, bila wewe, bila yeye, bila hata yale mawe.

Nilifuata faili lako karatasi kwa karatasi. Vibali vyote ulikuwa umevimaliza, kilichobaki ni mtu wa kwenda kupokea. Nilianza na konokono. Baadaye wakaja samaki wawili, wale wadogo wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, na tumbawe moja laini lililooteshwa kwenye tangi la mfugaji huko Mombasa. Pale Isebania, upande wa Kenya, kijana wa mizigo alininyanyulia boksi akauliza, "Madam, hii samaki ni ya kukula ama ni ya kuangalia tu?" Upande wetu, wenzako wa zamani walipoona jina lako kwenye karatasi waliipokezana mkono kwa mkono. Mmoja akanisindikiza mpaka kwenye gari akibeba boksi kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. Hukuniambia walikupenda hivyo.

Niliacha mifuko ielee ndani ya tangi saa nzima, nikawa nawaongezea maji kidogo kidogo kama ulivyoandika. Wakatoka. Tata, wakatoka! Yule mkubwa akaenda moja kwa moja nyuma ya jiwe lako la katikati akalifanya lake. Mama alikuwa anachambua mboga, hakuinua hata kichwa. Ila nilimsikia akimwita yule samaki "mura", kama anavyoita vijana wa ukoo. Nikamwambia huyo si mura, Mama, huyo mkubwa ndiye jike. Akasema, "Ndiyo maana ameshika nyumba."

Wiki tatu tulikuwa vizuri. Tumbawe lilikuwa likifungua vidole vyake taa zikiwaka, linapepea. Halafu likaanza kujikunja. Siku ya kwanza nikasema limechoka. Siku ya nne likawa ngumi. Konokono wawili wakafa. Nikapima chumvi: thelathini na nane. Nikadhani nimekosea. Kesho yake karibu arobaini. Nikaosha kipimo, nikakisahihisha kwa maji safi, nikapima tena, arobaini na ushee. Na mimi jioni nilikuwa naongeza maji baridi yasiyo na chumvi, ila siku nyingine nilikuta maji yamejaa hayahitaji kuongezwa, nikashukuru kwamba jua halikuwa kali. Ona akili ya fundi sanifu wa maabara!

Mtu alikuwa anatia chumvi, hilo likawa wazi. Na mimi, mwanao, badala ya kuuliza nikahukumu. Baba mdogo Marwa alikuwa ametutembelea mara mbili mwezi ule. Ndiye aliyetaka tangi litolewe. Nikampigia simu. Sikusema hata shikamoo. Nilimwambia kama unataka kuua kitu cha kaka yako, kiue mbele yangu. Akasema taratibu, "Mwanangu, mimi chumvi yangu naipeleka kwa ng'ombe." Akakata. Yeye aliyekushikia kichwa siku ile tunakupeleka hospitali.

Siku mbili baadaye niliamka alfajiri kuwahi zamu. Mama alikuwa amesimama hapa, kitenge kiunoni, sufuria mkononi. Ile ndoo ya pili ya chumvi uliyoiweka stoo, ambayo mimi sikuwahi kuifungua, ilikuwa wazi miguuni pake. Alichota, akakoroga, akamimina polepole pembeni ili asiwashtue samaki. Halafu akachovya kidole, akalamba, akatikisa kichwa kama wewe. Alikuwa anaongea nao Kikurya.

Nilisema kwa ukali, "Mama, unafanya nini?" Hata hakushtuka. Akaniambia maji yanapungua kila siku, mimi sioni? Kihori cha chumvi kikipungua ina maana ng'ombe wamelamba, unajaza. Kama samaki wanailamba chumvi ya baba yako hivi, sisi tuwaache nayo iishe?

Ulimi wangu ulikuwa tayari, unaujua. Nilikuwa na maneno ya kumuua mtu. Ndipo akasema, akiangalia kioo siyo mimi, "Kitu hiki nilimnyima neno zuri alipokuwa hai. Hata moja. Nikasema angalau chumvi nisimnyime."

Nikakaa chini, Tata. Sakafuni. Tukalia wote wawili, kilio ambacho kwenye msiba hatukukilia kwa sababu kulikuwa na watu wa kupikia.

Baadaye ilibidi nimweleze, maana kutomweleza kungekuwa kuua. Nilitafuta maneno ambayo hayatamrudisha kwenye "litolewe". Nikamwambia: Mama, samaki hawalambi. Jua na joto vinachukua maji peke yake. Chumvi haiondoki na maji, inabaki. Ukiongeza nyingine inakuwa nyingi, tumbawe linajikunja. Kinachotakiwa ni maji matupu tu. Nilidhani atasema nimeua. Sufuria bado iko mkononi, akauliza, "Kwa hiyo ile aliyokoroga yeye kwa mwiko wangu bado imo humu?"

Nikamwambia imo.

"Yote?"

Karibu yote, Mama.

Akaweka sufuria chini. Akagusa kioo kwa kiganja, akakaa hivyo mpaka nikachelewa zamu.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya kushusha chumvi bila haraka: kutoa ndoo moja ya maji ya tangi, kurudisha ndoo moja ya maji matupu, kila siku kidogo. Hapo nikakuta mgogoro mwingine. Mama alinikataza nisimwage hata tone. "Si umesema imo?" Basi tukaanika maji ya tangi uani kwenye mabeseni na masinia ya sherehe, majirani wanauliza mnatengeneza dawa gani. Jua lilifanya kazi yake wiki nzima. Ikabaki chumvi nyeupe, mabaka mabaka. Mama akaikwangua kwa kijiko, akaifunga kwenye kitambaa, akanipa. Hakuniambia niipeleke wapi, wala sikuuliza.

Nilikwenda kijijini kwa Baba mdogo. Nilimwamkia shikamoo kutoka getini, na tena nilipofika karibu. Nikamwomba msamaha nikiwa nimepiga magoti, mara ya pili mwaka huu. Nikampa kile kitambaa, nikamweleza ni chumvi ya bahari ya kaka yake. Alikifungua, akalamba kwanza yeye mwenyewe, akakunja uso. "Kaka alikuwa anasema bahari, mimi nikidhani anaota. Kumbe inalambika." Akaichanganya na magadi yake, akaita ng'ombe. Yule dume mwenye pembe moja, uliyemsifia kuliko sisi watoto wako, alisukuma wenzake wote akafika wa kwanza. Baba mdogo akasema tumesameheana, ila siku nyingine nianze na shikamoo ndipo nitukane. Nilicheka hadi nikaona aibu, kaburi lako liko pale pale upande wa pili wa ua.

Tumbawe lilibaki ngumi siku kumi na moja. Mahindi yalikuwa yameanza kukauka shambani, na mimi nilikuwa nimeacha kumtazama Mama usoni. Kipimo kilisharudi thelathini na tano, lakini kipimo hakifungui kitu. Nilikumbuka ulivyokuwa unanizuia haraka, nikaacha kuchungulia kila saa.

Alhamisi iliyopita nilikuwa bafuni najiandaa kwenda kazini. Mama alikuwa ameingia sebuleni na jagi lake la maji matupu, hiyo sasa ni kazi yake, mimi simgusi. Nikamsikia amepaza sauti. Nikatoka na sabuni masikioni nikidhani ameanguka. Tumbawe lilikuwa limefunguka lote, vidole vyote, linacheza kwenye maji, na yule samaki mkubwa amejilaza katikati yake kana kwamba ametandikiwa. Mama amesimama mbele ya kioo, mgongo amenipa mimi, uso ameuelekeza chumbani kwenu. Na hakuwa ameniita mimi. Alikuwa anaita, "Baba Bhoke! Baba Bhoke, njoo uone!"

Kisha akakumbuka.

Nilimshika mabega. Hakulia. Alisema mahindi mwaka huu yavunwe na vijana, yeye hawezi kuacha samaki na mtu mwenye haraka.

Nasikia geti, nadhani ni yeye. Lala salama, Tata, na usihangaike na kona ya kushoto. Nakuahidi nitauliza kabla ya kuhukumu, na nitaamka mapema. Siku Mama akisahau tena akakuita asubuhi, nitaitika mimi.

Mwanao,
Bhoke