Ngozi za Wapole

9 Februari

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini u mzima na mgongo umekuachia angalau kidogo. Mimi sijambo, ila masikio yananivuma tangu tulipotua.

Kituo chetu ni kumbi nne za chuma. Nje hakuendeki bila vazi la hewa. Upepo wa huku unakula rangi ya mlango kwa wiki moja, na jua halizami kabisa. Kazi yenyewe ni nyepesi kuliko nilivyoogopa. Wenyeji wa sayari hii ni viumbe warefu kama mlango, hawana macho, na wana ngozi laini ya kijivu, kama mtu aliyejitanda shuka. Kampuni inawaita malighafi. Sisi tunawaita wapole, maana wanakuja wenyewe na kusimama foleni. Nawapima nilivyozoea kupima ng'ombe, natia saini kwamba ni wazima, kisha wanavuliwa ile ngozi na kutolewa kwa mlango wa nyuma. Msimamizi anasema ni kama kunyoa kondoo, inaota tena.

Usihangaike. Chakula kipo, ingawa mpishi na chumvi hawaelewani.

Mwanao

20 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Barua imenikuta mzima. Mgongo ni ule ule, tumeshazoeana.

Ngozi zenu zimefika kiwandani kwetu. Tunazishona makoti yasiyopenya baridi wala moto. Nimeshika mkasi miaka thelathini na moja, sijapata kuona kitambaa kinachoukwepa. Ukikisogelea kinajivuta pembeni taratibu, kama mtoto anayetolewa mwiba. Tena kina joto. Yule Mcheshi wa meza ya pili, unayemjua, siku hizi hamtanii mtu. Anashona amegeuza uso.

Nina swali moja, na unijibu wewe, si msimamizi wako. Umewahi kumwona hata mmoja aliyeota ngozi tena?

Mama yako

3 Julai

Mama,

Shikamoo. Mwili ni mzima, usingizi ndio sina.

Sijamwona hata mmoja. Nilipopata barua yako nilivaa vazi la hewa nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikiwafuata watatu niliotoka kuwapima. Hawakufika mbali. Walikwenda hatua kama mia, wakalala kifudifudi mmoja baada ya mwingine, na upepo ukawamaliza. Nyuma ya kilima wapo wengi. Nilisimama pale mpaka hewa ikakaribia kuniishia.

Nimejua pia kwa nini wanakuja. Katika ukumbi wa mbele kampuni imetundika ngozi za wale wa kwanza kabisa. Mimi nilidhani ni pambo. Mama, ngozi hizo hazinyamazi. Zinavuma chini chini, na mvumo huo ndio uliokuwa masikioni mwangu siku zote. Wapole hupita wakizigusa moja moja. Wanatafuta watu wao. Wanaitwa na jamaa zao waliokufa, wakifika natia saini.

Nilimwambia msimamizi. Hakukasirika. Alinimiminia chai, akasema, "Daktari, hapa kila mtu analijua hilo. Wewe umechelewa tu kuuliza."

Nifanye nini?

Mwanao

13 Septemba

Mwanangu,

Sikuulizi hali, nimeiona. Mimi nipo.

Barua yako niliisomea kazini, koti likiwa nusu chini ya sindano. Nikaliwekea sikio. Ni kweli, mwanangu. Nililifumua lote, mshono kwa mshono, nikavikunja vipande. Mcheshi alinisaidia. Siku hiyo hiyo nilifukuzwa, na ni sawa.

Nilitaka kukuandikia urudi nyumbani. Karatasi hiyo nimeiandika mara mbili, mara mbili nimeichana. Wewe umetia saini, mimi nimekata. Hatukujua, lakini sasa tunajua. Zishushe hizo ngozi. Zisipowaita, hawatakuja.

Mama yako

26 Novemba

Mama,

Shikamoo. Pole kwa kupoteza kazi.

Nitazishusha zamu ijayo, wenzangu wakiwa kwenye chakula. Ziko mia mbili na kumi, na mkokoteni ninao. Nitazipeleka nje, wenyewe wachukue. Milango hufunguka kwa kadi, na wakigundua wataizima yangu. Hewa ya vazi ni saa sita. Naogopa.

Juzi mpole mmoja aliweka mkono wake juu ya glavu yangu nikimpima, akauacha hapo. Sikutia saini. Msimamizi alichukua kalamu akatia yeye.

Mwanao

2 Mei

Mwanangu,

Nakusalimu. Hali yako sijui niiulizeje.

Barua ya Novemba niliipata. Tangu Februari hakuna ngozi hata moja iliyoingia mjini. Mcheshi ndiye aliyekuja kuniambia, akakaa kitini akalia. Ndipo nilipojua umezishusha. Kampuni iliniita ofisini. Mama mmoja mwenye sauti nzuri akasema kituo kimefungwa kwa kukosa malighafi, na kwamba wewe ulitoroka kazini. Alinipa karatasi ya kukubali hayo nitie saini. Niliirudisha tupu.

Jana alikuja rubani aliyewarudisha wafanyakazi wa mwisho. Alivua kofia, chai akaikataa. Anasema waliruka siku ya tatu tangu ulipofungiwa nje. Chini aliona msafara wa wapole ukielekea milimani. Katikati yao palikuwa na mfupi mmoja, amefunikwa ngozi kuanzia kichwani.

Nikamuuliza, "Alikuwa anatembea, au wamembeba?"

Aliivaa tena kofia yake. Akasema vumbi lilikuwa jingi.

Siku tatu, na hewa ni ya saa sita. Hilo nalijua, sihitaji kuelezwa. Lakini nimezishona ngozi hizo kwa mikono yangu, najua zinavyokinga. Kwa hiyo naendelea kukuandikia. Rubani anasema hakuna chombo kitakachokwenda huko tena. Nimemwambia aje kesho aichukue barua hivyo hivyo.

Kama uko nao na mnaelewana, waambie mama yako alikata ngozi arobaini na tatu kabla hajauliza swali. Waambie hivyo tu. Usinitetee.

Mama yako