Miguu Dirishani

3 Machi

Mwanangu Mama Kwa Nini,

Marahaba. Barua yako nimeipata kwa mkono wa Mama Pacha, jirani anayenichukulia na kunipelekea barua posta. Sisi hatujambo. Wewe je, kifua kimetulia?

Umeuliza kuhusu mguu. Mguu umepona. Daktari alikuja wiki iliyopita, akaugongagonga, akasema hata mpira naweza kucheza. Tatizo ni mwenye mguu. Tangu ile pikipiki initupe barabarani, miezi mitano sasa, sijavuka mlango. Nikishika komeo moyo unaenda mbio, jasho linanitoka, narudi kukaa kitandani. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, nami barabara yangu ni ileile. Kibanda kiko ng'ambo, kimefungwa kufuli. Nyundo, gundi, msharasi wa kutobolea ngozi, vyote vimo humo. Fundi viatu asiye na msharasi ni mzee tu anayekaa.

Usinicheke. Sijamwambia mtu mwingine.

Baba yako

15 Machi

Baba, shikamoo.

Mimi mzima, natumaini nawe u mzima. Baba, kama mguu umepona, toka. Hofu ni ya kichwani tu. Hesabu moja, mbili, tatu, fungua mlango, vuka. Si wewe uliyenifundisha baiskeli kwa kuniachia mteremkoni? Barua ijayo iniambie umefungua kibanda.

Binti yako

20 Aprili

Baba mpendwa, shikamoo.

Hujambo lakini? Wiki tano sijapata hata mstari, na najua kosa ni langu. Niliandika kama askari, si kama mwanao. Naomba radhi.

Nikuambie jambo ambalo sijawahi kukuambia. Nilipoanza kazi hapa kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, ngurumo za mashine zilinitisha hadi nikawa najificha chooni nalia. Msimamizi wetu hakuniambia nijikaze. Alinipa shuka, akaniuliza, "Unadhani huyu alilalia ubavu gani?" Nikatazama mikunjo. Nikabuni kwamba alilalia wa kulia, apate kupiga soga na mgonjwa wa kitanda cha pili, na nikawabunia mpaka soga yenyewe. Kufika mchana nilikuwa nimesahau kuogopa. Kesho yake hofu ilirudi, nami nikachukua shuka jingine.

Sasa na mimi nikuulize. Dirisha lako liko chini, huoni watu ila miguu. Ni viatu gani vinapita hapo? Nichoree, uniambie na wenyewe ni akina nani. Mwisho nichoree na vyako.

Binti yako, Mama Kwa Nini

2 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Nilikasirika, ni kweli, na sasa yamekwisha. Afya ipo, usingizi unakuja unapotaka.

Swali lako nililipuuza siku mbili. Ya tatu nikatafuta penseli. Mchoro wa kwanza unafanana na kiazi, usiwaonyeshe watu. Wa pili ni Bwana Kwikwi. Kiatu chake cha kulia kinalia kwi, kwi, kwi njia nzima, maana amebandikiwa soli kabla ngozi haijakauka. Aliyefanya kazi ile akamatwe. Nadhani ni karani, anatembea kama aliyekumbatia mafaili.

Wa tatu ndio unaoninyima raha. Nimemwita Dada Kituo. Viatu vya kahawia, kisigino cha kushoto kimelika upande wa ndani. Kila asubuhi saa mbili husimama mbele ya dirisha langu muda wa kumaliza kikombe cha chai, ndipo aende zake. Kwa nini? Dirisha lilipakwa rangi likagandia, halifunguki. Jana niligonga kioo, akaruka, akaondoka mbio. Nina dukuduku mpaka chai haipiti.

Vyangu havina cha kuchorwa. Viko chini ya kitanda, visafi kama vya dukani.

Baba yako

14 Mei

Baba mpendwa, shikamoo.

Mimi sijambo, na kikohozi kimeniaga. Michoro yako nimeibandika ukutani juu ya pasi, hata kile kiazi. Chumba kizima kimegawanyika kwa ajili ya Dada Kituo. Wakunjaji wanasema anamsubiri mpenzi. Msimamizi anasema anajitazama kwenye kioo chako, anaweka pindo la gauni sawa. Mimi nasema kuna jiwe kiatuni. Kila anayeingia zamu anauliza, "Dada Kituo vipi leo?"

Sikuambii utoke, baba. Nauliza tu, kama ilivyo desturi yangu. Kwa nini anasimama?

Binti yako, Mama Kwa Nini

9 Juni

Mwanangu,

Marahaba, na salamu kwa wote wa chumba cha kufulia. Waambie wamekosa, na wewe umekosa. Hakuna mpenzi, hakuna kioo, hakuna jiwe.

Jumatatu niliamka mapema nikakae nyuma ya mlango nisikilize tu. Nikavaa viatu kwa sababu ya sakafu, ina baridi. Vile visigino vilipofika vikasimama, mawazo yangu yote yalikuwa kwenye kile cha kushoto. Kufumba na kufumbua niko nje, namsalimia mama wa makamo mwenye kapu. Nikamwomba radhi kwa kumgongea kioo, nikamwuliza kwa nini husimama pale. Aliinamisha uso.

"Naogopa barabara," akasema. "Hapa ndipo ninapokusanya moyo."

Nilitaka kucheka, machozi yakatangulia. Sikumwambia habari zangu. Nilimwambia kisigino ndicho kinachomyumbisha, na ni kazi ya nusu saa. Akauliza vifaa viko wapi. Nikamwonyesha ng'ambo.

Tulisimama muda mrefu, watu wazima wawili. Sijui nani alimshika mwenzake mkono. Bwana Kwikwi akatupita, nikamwambia naye alete kile kiatu. Kisha tukavuka.

Sikufichi, moyo bado unaenda mbio kila asubuhi. Dada Kituo hunisubiri dirishani, tunavuka pamoja. Na sanduku la posta liko hatua kumi tu kutoka kibandani, kwa hiyo Mama Pacha apumzike.

Geuza karatasi. Mganga hajigangi, lakini nimekuchorea viatu vyangu kama ulivyoomba. Hayo madoa usiyafute ukidhani ni penseli. Ni vumbi.

Baba yako