Marejeo Matatu na Fomu za Igamba

Jumamosi, Chapwa, Tunduma

Mvua imeanza asubuhi na haijakata. Foleni ya malori ya kwenda Zambia imefika karibu na dirisha langu, na madereva wanapiga honi utadhani honi ndiyo inayofungua mpaka. Moyo wangu umechafuka tangu saa nne. Naandika hapa kwa sababu sina pengine pa kutapika.

Nianze na nukta na mikato. Makala yangu kuhusu chulebuni, ule ugonjwa unaoozesha matunda ya kahawa yakiwa bado mabichi, imerudishwa na jarida kwa mara ya tatu. Kuhusu kahawa hawajauliza chochote. Wanataka marejeo yapangwe upya: jina la ukoo litangulie, mwaka ukae ndani ya mabano, jina la jarida liwe kwa herufi za mlazo, na kila chanzo kiwe na kiungo na namba ya ukurasa. Mwisho wa kurudisha ni Jumatatu. Makala isipokubaliwa sihitimu shahada yangu ya uzamili, na mimi bibi shamba wa miaka yote hii nimechoka kuitwa mwanafunzi.

Basi nikajifungia ndani nikaanza kuhamisha mikato.

Sentensi ya kwanza kabisa ya makala yangu inasema kwamba wakulima wadogo wa Mbozi hawautambui ugonjwa wa chulebuni. Utafiti wangu wote umesimama juu ya sentensi hiyo. Nyuma yake nimepanga marejeo matatu, na yote matatu niliyanakili kwenye makala za watu bila kuyasoma. Wengi tunafanya hivyo. Mwenzako amekitaja chanzo, nawe unakitaja, na kila mtu anaonekana msomaji.

Leo jarida limetaka ukurasa, ikabidi nifungue. Makala ya kwanza imeitoa ile sentensi kwenye ya pili. Ya pili imeitoa kwenye ya tatu. Ya tatu imeitoa kwenye ripoti ya mradi mmoja uliopita Mbozi zamani. Nikamwomba msimamizi wangu wa chuo hiyo ripoti, akanitumia kwa WhatsApp, kurasa zimepigwa picha upande upande. Sentensi ile imesimama juu ya fomu za sehemu moja tu, na mwishoni kabisa kuna orodha ya wadodosaji na mahali walipofanyia kazi.

Igamba. Mbele yake jina langu, Tumaini Simbeye.

Nimelitazama mpaka chai ikapoa. Nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka chuo, na kazi ya kudodosa wakulima ilikuwa ajira yangu ya kwanza. Siku ile mvua ilinyesha kama leo. Barabara ya Igamba ilikuwa tope tupu, na bodaboda alikataa kunipeleka. Nikaingia mgahawani pale Ruanda ya Mbozi, nikaagiza chai na chapati mbili, nikazijaza fomu zote mezani. Wenyewe tunaita kupika data. Tunalisema tukicheka.

Kulikuwa na swali moja: je, mkulima anautambua ugonjwa wa chulebuni? Ukiandika Ndiyo, unatakiwa kujaza ukurasa mzima wa maswali mengine, dalili zake, anautibu vipi, alijifunza wapi. Ukiandika Hapana, unaruka hadi sehemu inayofuata.

Niliandika Hapana kuanzia fomu ya kwanza hadi ya mwisho. Nilikuwa nataka kuwahi gari la kurudi.

Hiyo ndiyo elimu ambayo watu wamekuwa wakinukuliana miaka yote hii. Uvivu wangu wa siku moja sasa una jina la ukoo mbele, mwaka ndani ya mabano na herufi za mlazo, umependeza mpaka kichefuchefu. Nimekwenda kunawa uso nikarudi, bado najisikia mchafu.

Kinachonichoma zaidi ni mama Nzunda. Ni mkulima wa Igamba, nilimhoji mwaka jana kwa ajili ya makala hii hii, na safari hiyo nilifika kweli. Alinishika mkono akaniingiza kwenye mibuni yake, akachuma matunda yenye madoa meusi akanitilia kiganjani. "Mwanangu, huu ugonjwa tunaujua tangu tuko wadogo," aliniambia. "Kila mwaka mnakuja kutufundisha kuujua. Semina, semina. Sisi tunaomba dawa, mnatuletea semina."

Nilimwitikia vizuri. Nilipofika nyumbani nikaandika pembeni mwa jibu lake kwamba yeye ni wa kipekee, kwa kuwa machapisho yanasema wakulima hawaujui. Nilimpima mtu aliyenionyesha ugonjwa kwa mkono wake kwa kutumia uongo wangu mwenyewe. Na semina alizokuwa akizilalamikia, kila mradi ulioziombea fedha ulianza na sentensi ile ile.

Nimempigia msimamizi wangu nikamweleza yote. Nilitegemea atanigombeza. Angenigombeza ningemshukuru.

"Tumaini, hayo ya zamani yaache," amesema, sauti ya mtu anayekula. "Chanzo kimechapishwa mara tatu. Wewe ni nani wa kukipinga? Panga mikato, Jumatatu utume."

Mimi ni nani. Mimi ndiye chanzo, Daktari. Sikumwambia hivyo, nilisema sawa nikakata simu, na hilo nalo limeniongezea kinyaa.

Nimekaa na lile neno sawa kama saa nzima. Halafu nimefungua makala, nikayafuta marejeo yote matatu. Mahali pake nimeweka moja, kwa utaratibu ule ule wanaoutaka, kila mkato mahali pake: Simbeye, T., fomu za wakulima wa Igamba, zilizojazwa na mdodosaji akiwa mgahawani Ruanda, bila kumwona mkulima hata mmoja. Haijachapishwa. Kisha nimemwandikia mhariri barua fupi ya kueleza na kuomba makala isitishwe, nakala kwa msimamizi. Nimeituma saa tisa na robo. Sijui kama nitahitimu mwaka huu au kama nitahitimu kabisa.

Mhariri hajajibu. Msimamizi amepiga mara mbili, sikupokea.

Simu niliyopiga mimi ni ya Igamba. Nimemwamkia mama Nzunda, nikamwambia kesho ibada ya kwanza ikiisha napanda gari la kwenda kwake, nina jambo la kumweleza yeye na majirani zake, na si jambo zuri. Akaniuliza kama naenda na zile fomu, ili awaambie wenzake wasiende shamba mapema.

Nimemwambia hapana, mama. Fomu za Igamba nilishazijaza.