Gogo la Mlangoni

Mashambani, ng'ambo ya mto
4 Desemba 1986

Mjukuu wangu Onneile,

Hujambo wewe na huyo mdogo? Mimi sijambo, punda hawajambo, mvua imekuja vizuri na tunalima tangu alfajiri. Anayeandika ni Mama Seabelo wa shamba la jirani, kwa hiyo usishangae mwandiko mzuri. Maneno ni yangu. Nimemwambia asinipambie kitu.

Nasikia mumeo Mothusi anarudi kutoka migodini kwa Krismasi, na ameshakupangia matembezi. Bwawani na ndugu zake, sijui gulio la Krismasi uwanjani, sijui harusi ya nani. Nakwambia hivi: wewe ni mzazi. Gogo la kukukinga nilililaza mlangoni mwako kwa mikono yangu siku mtoto alipozaliwa, na nitaliondoa kwa mikono hiyohiyo miezi mitatu ikitimia, katikati ya Januari. Kabla ya hapo hutoki, na mwenye miguu ya njiani, aliyetoka safari, haingii, hata awe ndiye aliyekuoa. Kula uji wa mtama, kunywa maziwa ya mgando, lala. Wenzako wanalima, wewe unaambiwa ulale, na bado najua unanuna.

Shangazi yako Boipelo akikuletea uji wa baridi, niambie.

Bibi yako


Tonota
10 Desemba

Bibi, shikamoo.

Mtoto hajambo, ananyonya kama mtu aliyetoka safari. Mimi mwili haujambo, roho ndiyo haina raha. Nimechoka kupumzika, Bibi. Mji mzima uko nje. Nasikia kwaya zinafanya mazoezi, nasikia magari ya waliorudi nyumbani, nasikia watu wakicheka barabarani nami nimelala naangalia paa. Uji wa Shangazi haujafika baridi, siku nyingine haufiki kabisa. Juzi alikwenda harusini kwa kina Ramosu akaniachia chungu. Nilimsikia akiimba kutoka hapa.

Mothusi atakaa hadi tarehe nne Januari tu. Baada ya hapo ni shimoni mpaka Krismasi nyingine, na mtoto atakuwa anatembea. Sasa atamwona wapi? Dirishani, kama mtu anayechungulia duka lililofungwa?

Njoo ututoe Krismasi. Mama angekuwepo ningemwomba yeye. Hayupo, nimebaki na wewe.

Na jambo jingine. Mzee Mbulawa mwenye pikapu anasema alikukuta umeketi chini katikati ya shamba, punda wamesimama na plau. Uliketi kwa nini?

Mjukuu wako,
Onneile


Mashambani
14 Desemba

Onneile,

Salamu zako nimezipokea. Sijambo. Mbulawa ana pikapu moja na midomo mitatu. Niliketi kutoa mwiba.

Umemtaja mama yako, basi nami nitamtaja. Alipokuzaa wewe mvua ilikuja kama mwaka huu. Mimi nilikuwa nimevunjika mguu, mikono ya kulima hakuna. Akaliruka gogo akashika jembe. Hakuwa mzima tena. Ulimwona mwenyewe, mwanamke wa kutembea akishika ukuta hadi siku alipotuacha. Kwa hiyo mimi nikisimama nyuma ya plau na umri huu, sifanyi hivyo kwa sababu napenda vumbi. Nalima ili asitokee mtu wa kukuita wewe.

Mothusi amwangalie mtoto dirishani. Baba yako alikuona dirishani, na ulikua ukamjua. Bwawa halihami. Gulio litakuwepo mwaka ujao, na hizo barafu za rangi zitawachafua midomo vilevile. Jibu langu ni hapana. Mama Seabelo ameniuliza kama aandike hapana kwa upole, nikamwambia aandike kama nilivyosema.

Mwambie Boipelo nimesikia habari ya kuimba.

Bibi yako


Tonota
23 Desemba

Bibi, shikamoo.

Mtoto hajambo. Mothusi amefika salama. Amekuja amevaa suti kwenye joto hili, na kigari cha kumsukumia mtoto. Alisimama dirishani nikamwinulia mwanawe. Akamtazama muda mrefu, akasema, "Amefanana na mimi, au ni kivuli cha pazia?" Nikacheka, halafu nikalia. Kigari kiko uani, kuku wamelala ndani yake.

Ndugu zake wanakwenda bwawani tarehe ishirini na saba. Wamenunua mbuzi. Nimemwambia Mothusi nitakwenda nao, mimi na mtoto.

Nimekuandikia ujue kutoka kwangu, sitaki uambiwe na Mbulawa. Ukifika kabla ya siku hiyo ukanikataza nikiwa nakuona usoni, nitakutii. Usipofika, nitaliruka gogo.

Na habari ya mwiba sijaielewa. Mbulawa anasema alipita akakukuta umeketi, akashusha mizigo, akarudi, bado umeketi. Mwiba gani huo?

Mjukuu wako,
Onneile


Mashambani
25 Desemba

Onneile,

Leo hakuna salamu ndefu. Mama Seabelo ameweka kalamu chini, anasema haishiki mpaka niseme kweli, la sivyo ataandika barua yake mwenyewe. Mwanamke huyu ana kichwa kigumu, ndiyo maana tunapatana.

Hakukuwa na mwiba. Ni kifua. Kinanibana kama kuna mtu amekikalia. Siku ile niliketi, kikaniachia, nikainuka nikaendelea. Wiki iliyopita nilianguka nyuma ya plau, punda wakaniburuta mpaka kamba zikanitoka mkononi. Tangu hapo nimelala kibandani, Mama Seabelo ananipikia. Nusu ya shamba haijalimwa na udongo unaanza kukauka. Siwezi kufika kwako tarehe ishirini na saba. Kufika mlangoni mwa kibanda tu natafuta pa kushika.

Sikukwambia kwa sababu nakujua. Ungekuja mbio na mtoto mgongoni. Afadhali uliruke gogo ukale mbuzi bwawani kuliko uliruke uje kunishika mkono kwenye jua la huku. Basi nenda bwawani. Kaa kivulini, usibebe kitu, usiingie kwenye maji. Nimesema nenda. Ila huku usije. Usinifanyie alichofanya mama yako.

Bibi yako


Tonota
27 Desemba

Bibi, shikamoo. Kifua kinasemaje?

Sikwenda bwawani.

Barua yako ilifika jana jioni. Nilimsomea Mothusi dirishani. Nilipomaliza akageuka, akaondoka. Nikadhani amekasirika, matembezi yake yote yameharibika. Leo asubuhi amerudi na ndugu zake wawili, wamevaa nguo za kazi, suti imebaki msumarini. Mbuzi yuko nyuma ya pikapu ya Mbulawa, atachinjwa hukohuko shambani. Watamalizia kulima. Alitoka shimoni kuja kupumzika, Bibi, na siku zake za kupumzika anazipeleka kwenye plau yako. Usimtukane sana.

Nyuma ya pikapu kuna godoro. Hilo ni lako. Unarudi nalo, unaingia chumbani kwangu, na gogo litatukinga sote watatu. Shangazi Boipelo anasema una miguu ya njiani. Nimemwambia atakunyunyizia maji ya dawa mlangoni, kisha anyamaze. Nesi wa zahanati ameahidi kuja kukupima hapahapa. Utakula uji wa mtama, utakunywa maziwa ya mgando, utalala. Wenzako wanalima, wewe unaambiwa ulale, na bado najua utanuna.

Ukikataa, namfunga mtoto mgongoni, naja kwa miguu. Umesema mwenyewe kwamba unanijua.

Mjukuu wako,
Onneile


Mashambani
28 Desemba

Mke mwenzangu Onneile,

Hujambo na mwanao? Kifua kimepungua kidogo, hasira ziko palepale.

Jana nilikataa. Nilimwambia mumeo mimi si gunia la mtama la kupakiwa kwenye gari. Hakubishana. Akasema, "Sawa, Bibi, ngoja nikamwambie aanze kumfunga mtoto," akamwambia Mbulawa awashe gari. Nikawaambia wazime.

Analima vibaya, huyo. Mistari yake imepinda huku na huku. Nilipomwambia, akajibu, "Bibi, kule shimoni ni giza, hakuna anayekagua mistari." Nimecheka mpaka Mama Seabelo akanishika kifua. Mbegu zitaota tu. Nyama ya mbuzi walinipa ini.

Mama Seabelo anatangulia na pikapu ya asubuhi, barua hii iko mkononi mwake. Mimi nitakuja na safari ya pili, jua likipoa. Sasa sikiliza. Kabla Mothusi hajarudi migodini, aoge, akae kwenye kizingiti, upande wake wa gogo. Nitamchukua mtoto mimi mwenyewe, nimweke mapajani mwake. Atamshika mpaka mikono ichoke. Gogo litakuwa mahali pake na hakuna atakayekuwa amelivuka. Boipelo akiuliza hiyo ni desturi ya wapi, mwambie mwenye gogo ndiye aliyesema.

Nimemwambia Mbulawa tupitie njia ya bwawani. Inazunguka, na analalamika kama kawaida yake. Tangu bwawa lile lijengwe mimi nimefika pale kutafuta punda waliopotea tu, sijawahi kusimama nikayatazama maji bila kuwa na ninachokitafuta. Sasa nitayatazama nikiwa nimelala kwenye godoro. Mmoja wetu lazima awe ametembea Krismasi hii.

Chumba ni kidogo. Sogea na mtoto upande wa ukutani, mimi nitalala karibu na mlango.

Bibi yako