Kilo Kumi na Moja za Kibonge

3 Februari

Kaka yangu mpenzi,

Salamu zangu zikukute hapo kwenye kiti chako cha mashine. Vipi hali? Miguu bado inavimba? Mimi mzima, ila kifua kinawaka na magoti yananuna, kwa sababu jana nimekimbia.

Usicheke. Daktari wako amenipima kila kitu. Damu zetu zimeelewana, figo zangu zote mbili ni nzuri, tatizo ni mwenyewe mwenye figo. Kilo tisini na moja. Anataka nifike themanini ifikapo Septemba, la sivyo hanipasui kutoa figo moja ya kukupa, na wewe utaendelea kusafishwa damu mara tatu kwa wiki hadi siku aijuayo Mungu. Sasa si wewe ndiye mwalimu wa riadha? Umewakimbiza watoto wa watu miaka kumi na tisa. Nikimbize na mimi.

Nilianzia mlango wa nyuma wa bekari, nikapita ukuta wa shule, nikafika daraja la juu ya reli, nikarudi. Kilomita tano. Dakika hamsini na mbili, na nusu yake nilikuwa natembea nimeshika kiuno. Mwenzangu wa kukanda unga aliponiona aliniuliza nimefukuzwa na nani.

Mdogo wako,
Kibonge


12 Februari

Kibonge wangu,

Nashukuru kwa salamu. Miguu imevimba kidogo, moyo haujambo. Mkono wa kushoto umefungwa mipira, wa kulia unaandika bila mwenzake wa kushikilia karatasi, ndiyo maana mwandiko unapanda mlima.

Barua yako niliisoma hapa hapa kitini. Nilipofika kwenye ukuta wa shule nikafumba macho, nikakimbia nawe. Nilisikia changarawe chini ya viatu. Muuguzi alikuja kuniuliza mbona mguu wangu unachezacheza.

Haya, ratiba. Jumanne na Ijumaa tu. Pasha mwili joto dakika kumi. Halafu kimbia kwa nguvu zako zote dakika moja, tembea dakika mbili, urudie mara sita. Mabega yalegee, hatua ziwe fupi na za haraka, mguu utue chini yako, usiutupe mbele. Siku nyingine zote pumzika. Na ule, tafadhali. Mwili unaofanya kazi unataka mkate, viazi, karanga. Usijinyime. Mzani usiuangalie sana, una roho mbaya.

Kila barua niandikie ulichokiona njiani. Nina saa nne nzima za kujaza.

Kaka yako


9 Aprili

Kaka mpenzi,

Hujambo huko? Umelala vizuri? Mimi sijambo kabisa, tena naringa. Dakika thelathini na sita!

Njia nimeizoea mpaka inakuja yenyewe. Nikitoka zamu jua linakuwa limeegemea ghala la mbao na kila kitu kina rangi ya mkate ulioiva. Nyuma ya ukuta wa shule kuna mtu anajifunza tarumbeta. Ana noti moja tu, anairudia na kuirudia, na mimi naikimbilia. Baada ya hapo kichwa kinakuwa chepesi. Sisikii miguu. Nahisi barabara ndiyo inayosogea na mimi nimesimama. Jana pale darajani treni ya mizigo ilipita chini yangu taratibu sana, behewa baada ya behewa, nikajikuta nalia bila sababu. Au sababu ni wewe, sijui.

Ila kilo ni tisini. Moja tu imetoka, Kaka, tena kwa kujikongoja. Nakula kama ulivyosema. Tunakosea wapi?

Mdogo wako,
Kibonge


20 Aprili

Mdogo wangu,

Mimi naendelea hivyo hivyo, usiwe na wasiwasi. Hatukosei popote. Misuli ina uzito wake. Endelea na ratiba, ongeza chakula kidogo baada ya mazoezi.

Yule wa tarumbeta nimemsikia juzi, mashine ikinguruma. Alikuwa ameongeza noti ya pili. Kweli au nimeota?

Kaka yako


2 Juni

Kaka,

Natumaini u mzima. Mimi mwili mzima, moyo ndio mbovu.

Nilikwenda kliniki kupimwa. Tisini. Muuguzi akaomba kuona ratiba yangu, nikamtolea barua yako kwa maringo yote. Akaisoma mara mbili. Akasema, "Mama, huyu anakuandaa kwa mashindano au kwa upasuaji? Hii ni kazi ya mtu anayetafuta kasi, na chakula cha mtu anayetaka kunenepa."

Nimekuwa mwepesi kama swala, na kilo zangu ziko pale pale. Miezi minne imeliwa. Wewe hukujua? Wewe, uliyefundisha miaka kumi na tisa?

Niambie muuguzi ni mwongo, nitakuamini wewe.

Mdogo wako


11 Julai

Mdogo wangu,

Nisamehe kwa kimya. Kila nikishika kalamu naiweka tena chini.

Muuguzi hakukosea. Ratiba ile niliwapa wakimbiaji wangu wa mita mia nne. Nilijua itakupa kasi na kukuachia kilo zako. Nilitaka daktari ndiye akukatae. Ningekukataa mimi ungekuja kunipigia kelele mpaka nikubali. Tangu Mama afariki tumebaki wawili. Kisu cha daktari kikiteleza, nitabaki na figo yako ndani yangu, na nitamwandikia nani?

Kuna jingine, la aibu zaidi. Zile saa nne nilizokimbia nawe nilikuwa na furaha. Niliona afadhali tubaki hivyo hivyo, wewe barabarani, mimi kitini na macho yangu yamefumbwa.

Ratiba ya kweli ni hii. Kimbia karibu kila siku, dakika arobaini na tano, polepole, kiasi kwamba ungeweza kupiga soga na mtu njia nzima. Siku moja tu kwa wiki ya kasi. Mkate upunguze nusu, mboga ziongezeke, na uache kuonjaonja keki zinazotoka tanurini, maana nakujua. Usijishindishe njaa, utaanguka.

Ukiichana barua hii nitaelewa.

Kaka yako


6 Septemba

Kaka,

Hali yako? Mimi mzima.

Sikukuandikia kwa makusudi. Wiki mbili nilikimbia na hasira, nikikutukana kila hatua, polepole, kiasi cha kupiga soga. Kisha hasira zikachoka kabla yangu. Nikawa nakimbia tu. Kumbe taratibu ndiyo kazi. Ukienda mbio unajisahau, ukienda taratibu unabaki na mawazo yako yote, na yangu yote yalikuwa wewe.

Kilo sabini na tisa na nusu. Mwenzangu wa kukanda unga amenishonea aproni mpya, ya zamani ilikuwa inanizunguka mara mbili.

Daktari ameandika upasuaji tarehe kumi na tisa. Mimi pia naogopa, usidhani una hatimiliki ya woga. Lakini nimeshasaini, imebaki saini yako. Natoka Jumapili na basi la asubuhi. Ukitaka kunikatalia, nikatalie uso kwa uso, nikiwa nimesimama mbele yako na nguo zinanipwaya.

Mdogo wako


25 Septemba, wodi ya wanaume

Mdogo wangu,

Umeamkaje huko mwisho wa korido? Kidonda bado kinavuta ukicheka? Basi usicheke. Muuguzi anayekuletea karatasi hii amesema umeshaanza kutembea na unamsumbua kila mtu. Mimi bado nakatazwa kutoka.

Leo asubuhi wamenitoa mpira wa mkojo. Daktari akasema, haya, nenda mwenyewe. Nikaenda nimeshika ukuta. Unajua miaka mitatu sijajaza hata kikombe. Nikasimama pale, nikasubiri, nikaogopa, nikakuita kimoyomoyo.

Ikaja. Ikaja, mdogo wangu, na ikaendelea kuja. Nikaanza kulia kwa sauti kama mtoto, mpaka muuguzi akagonga mlango kuuliza kama kuna tatizo.

Nikamwambia asubiri, sijamaliza.

Kaka yako