Neno Nililosema Mbele ya Ndugu

Kota za Reli,
Voi.
Jumanne, 14 Oktoba 1975

Mpendwa Dada Zipporah,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, kisha nakusalimu tena hivi hivi, dada kwa dada. Hujambo? Shemeji Mutiso na watoto hawajambo? Na kifua chako kimeizoea baridi ya Nanyuki au bado unavaa sweta mbili? Sisi huku tungali hai. Kusema tu wazima nitakuwa nakuongopea, lakini tu hai, na Mungu ashukuriwe.

Naandika Kiswahili badala ya Kidawida ili Mutiso asome mwenyewe, asije akasema tunamteta. Shemeji, hatukuteti. Leo hata nafasi ya kukuteta hatuna.

Mvua hakuna. Mawingu yanafika juu ya Sagalla, tunaanza kuanua nguo, halafu yanakwenda zake. Bomba la kota linatoa maji tangu saa kumi na moja alfajiri mpaka saa moja, na baada ya hapo ni hewa tupu. Kwa hiyo ukitaka kujua mdogo wako anaishije, nifikirie nimepanga foleni na madebe mawili gizani, mtoto nimemwacha nyumbani, na joto la jana bado liko ukutani. Nakumbuka ukungu wa Werugha natamani kulia.

Fanuel yuko salama. Siku hizi ni gadi wa treni ya mizigo, anakwenda Taveta mpaka Moshi, anakaa siku nne, anarudi na mkungu wa ndizi na nguo chafu. Ni mume mwema, silalamiki. Lakini akiingia ananiuliza, "Umeshindaje?" na kabla sijajibu ameshalala.

Tangu niache kufundisha darasa la kwanza ili nimlee Wakesho, watu husema Mama Wakesho yuko nyumbani tu. Hiyo "tu" ningemkamata aliyeianzisha! Mwaka jana nilikuwa na yaya, akaolewa. Na nilikuandikia kuhusu kifaduro kilichomshika mtoto mwezi wa saba. Wiki sita, Dada, nimemkalisha kitandani nimemshika kifua akikohoa mpaka anatapika. Alipona. Mimi ndiye sikupona. Tangu hapo nimechoka uchovu ambao usingizi hauuondoi, na mtoto mwenyewe alipopata nguvu akarudi na maswali yake: mbona kuku hana meno, mbona baba hakai, mbona jiko linatema moto, mbona, mbona, tangu jua halijatoka. Ana miaka mitano na mdomo wa wakili.

Sasa nikuambie jambo lililonifanya nishike kalamu.

Unajua ushirika wetu wa waliookoka hukutana kila Alhamisi saa tisa, barazani kwa Margaret, ambaye ni mdogo wa mama mkwe wangu. Na desturi yetu unaijua: baada ya nyimbo na neno, mwenye mzigo husimama akauweka nuruni hata kama ni aibu, ndugu wanaomba, yanaisha hapo hapo. Alhamisi ya tarehe ishirini na tano mwezi uliopita, mama mmoja alitubu kwamba alificha sukari wageni walipokuja. Mwingine akatubu kumchukia jirani. Mimi nikajikuta nimesimama. Nikasema, "Ndugu, namshukuru Yesu. Nataka kuweka nuruni kwamba nimechoka na mtoto wangu. Kuna asubuhi natamani angeamkia kwa mtu mwingine."

Wakaimba, wakanikumbatia, nikalia nikahisi mwepesi. Nilirudi nyumbani nikapika ugali nikiwa na furaha, haki ya Mungu. Wakesho alikuwa amekaa mkekani karibu na miguu yangu wakati wote, akicheza na kibiriti kitupu. Sikumfikiria. Alikuwa kimya, nami nikadhani amezama katika mchezo.

Baada ya siku hiyo akatulia. Maswali yakakoma. Asubuhi nikiamka namkuta ameshaamka, amekaa mlangoni, hajaniita. Akikohoa anajifunika mdomo kwa leso yangu. Nikamsifia kwa jirani: ona, mtoto wangu anakua. Mimi mwalimu mzima, niliyesomesha watoto arobaini!

Lakini huko kwa kina Fanuel wana desturi yao ya nyumbani, ambayo mimi nilikuwa naijua na siku ile nikaisahau kabisa. Mjukuu aliyeitwa jina la nyanya yake, nyanya akimtaka, anaweza kumlea. Ila hamwombi. Hata angemtamani vipi, haombi. Anangoja mama wa mtoto afungue kinywa mwenyewe, mbele ya watu, aseme kwamba amelemewa. Akishasema, basi ametoa. Na Wakesho wangu ndilo jina la mama mkwe.

Kwa hiyo yale niliyoyasema kwa Mungu, Margaret aliyasikia kama dada wa mama mkwe. Sisemi alikuwa na ubaya. Alipanda Sagalla kuzika jamaa, akampa dada yake habari njema kwamba mkwe wake hatimaye amesema.

Jumamosi ya tarehe nne, saa sita mchana, nikamwona mama mkwe anaingia, kuku mkononi, kikapu kitupu kichwani. Nilifikiri amekuja kutusalimia. Akanywa maji, akapumzika, akaniambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, nimesikia. Umefanya vizuri kusema. Nimekuja kumchukua Wakesho, wewe upumzike, pengine ukipumzika Mungu atakupa mwingine." Nilimtazama Fanuel, ambaye siku hiyo alikuwa nyumbani. Akasema, "Kwani kuna ubaya gani? Ni Sagalla tu, unamwona ule mlima ukiwa hapa mlangoni. Mpaka aanze shule."

Dada, sikufichi. Sikukataa. Jumapili baada ya kanisa mama mkwe alikaa na mtoto, mimi nikalala saa tatu nzima, mchana, mlango umefungwa. Nilipoamka nilijisikia kama msichana. Nikakunja nguo zake zote nikazitia kikapuni mimi mwenyewe, na nilipokuwa nazikunja nilikuwa nafurahi. Nimeandika sentensi hii mara mbili nikaifuta, sasa naiacha.

Halafu nikakukumbuka wewe. Najua hatulizungumzi jambo hili. Ulikuwa na miaka mitano ulipopelekwa Werugha kwa Nyanya, na mama akabaki na mimi kule kambi ya mkonge Mwatate, kwa sababu nilikuwa mchanga na yeye alikuwa amechoka. Ulirudi una miaka kumi na moja. Siku ile mama alikuwa anachambua maharagwe, ukasimama mlangoni na kifurushi chako ukamwambia, "Shikamoo, Mama Tryphena." Wewe kifungua mimba wake! Ulimwita kwa jina langu kama jirani aliyekuja kuomba chumvi. Mama aliitikia vizuri tu. Nilikuwa na miaka sita na bado naona mikono yake ilivyosimama ndani ya ungo. Hakuwahi kusema lolote, nawe hujawahi, na mpaka anaingia kaburini ulikuwa unamwita hivyo.

Jumatatu asubuhi mama mkwe alikwisha jitayarisha mapema kabla ya jua kuwa kali. Wakesho alivaa gauni la Jumapili. Nilikuwa nimejipanga kwa kilio chake, hata peremende nilikuwa nimenunua. Hakulia. Alikuwa amefagia sehemu yake ya chumba, amekunja mkeka wake. Akaniuliza, "Mama, nikienda utapumzika siku ngapi?"

Nikamuuliza nani amemwambia napumzika. Akasema, "Wewe. Kwa kina Bibi Margaret."

Jamani! Nilishusha kikapu kutoka kichwani mwa mama mkwe kwa mikono yangu, jambo ambalo kwetu mkwe hafanyi. Nikamwambia, "Mama, nisamehe, mtoto haendi." Akasema, "Ulisema mbele ya watu." Nikasema, "Nilisema nimechoka. Sikusema namtoa." Si mwanamke mbaya, Zipporah. Amekuwa peke yake tangu baba mkwe afariki na alikwisha mwambia kila mtu Sagalla kwamba analeta mjukuu. Akasema kama kweli nimegeuka, nikaseme pale pale niliposemea, Margaret akisikia, kwa sababu yeye hawezi kurudi kijijini na neno la mlangoni. Nisiposema, Jumamosi ya tarehe kumi na nane atakuja na shemeji zake wawili, na wao hawatakaa kunisikiliza. Akaondoka bila hata chai. Kuku alimwacha.

Fanuel alininunia siku mbili mpaka akaenda kazini. Aliniambia neno moja tu, kwamba nimemwaibisha mama yake kwa ajili ya mtoto ambaye mwenyewe namlalamikia kila siku. Na ni kweli.

Alhamisi iliyopita sikuthubutu kwenda, na kesho kutwa ndiyo Alhamisi ya mwisho kabla ya siku aliyoitaja. Ndugu wanangoja nisimame niseme nimetubu, uchovu umekwisha, Bwana amenipa furaha, wapige makofi. Ingekuwa rahisi, Dada. Lakini uchovu haujakwisha. Leo asubuhi hii hii alimwaga nusu debe la maji niliyoyapangia foleni nikamchapa kofi la mkono, halafu nikaenda kusimama nyuma ya choo nikalia. Nikasimame mbele za Mungu niseme uongo ili nimpate mtoto wangu? Na nikisema ukweli, nao ndio ule ule ulioniponza. Sijui nitasema nini. Niombee. Na kama una la kuniambia juu ya Werugha, hata kama ni kali, niandikie. Nitalisoma peke yangu.

Msalimie Shemeji Mutiso, na Noah na Penina, waambie mama yao mdogo anawapenda japo hawaoni peremende. Baba bado yuko Werugha na ng'ombe wake wawili, macho yamepungua lakini sauti haijapungua. Mungu awafunike na baridi hiyo, awape kuni kavu na usingizi mtamu, na mwaka ujao atuonyeshe nyuso.

Mdogo wako anayekukumbuka kila siku,
Tryphena

Alhamisi jioni.

Barua sikuitia posta, stampu zilikuwa zimekwisha, kwa hiyo naongeza kwenye nafasi hii iliyobaki.

Nimekwenda. Nilimchukua Wakesho, na safari hii sikumwacha mkekani, nilisimama naye nimemshika mkono. Nikasema, "Ndugu, niliwaambia nimechoka. Bado nimechoka. Sijapona, na sijui nitapona lini. Lakini huyu ni mtoto wangu na simtoi kwa mtu, nikiwa na nguvu wala nikiwa sina." Nikakaa.

Hakuna aliyeimba. Walikuwa hawajui waimbe wimbo gani. Kule stesheni treni ilikuwa inashanti, mabehewa yanasukumwa huku na huku yakigongana. Ndipo Margaret akasema, macho yake chini, "Neno hili nitampelekea dada yangu kama lilivyo, kama nilivyompelekea lile." Kisha akaomba kwa ufupi, tukatawanyika. Hakuninyima mkono, alinipa, lakini hakunitazama. Basi, ya Sagalla yatakuwa kazi ya miezi. Nitapanda mwenyewe na mtoto mvua ikinyesha, nikampigie mama mkwe magoti kwa kumwaibisha.

Tulipokuwa tunarudi, jua bado kali, tulikwisha pita soko, Wakesho alisimama katikati ya njia. Nikamwuliza ana nini. Akanitazama kwanza, kama mtu anayejaribu maji kwa kidole, akasema, "Mama, miguu inauma. Nibebe."

Wiki tatu alikuwa hajaniomba kitu. Nikachutama, nikamfunga mgongoni kwa leso, miguu yake inafika karibu na magoti yangu, na kabla hatujafika kota alikuwa ameniuliza mbona mbuzi wa Fundi Thadeus hana pembe moja, mbona jua haliendi nyumbani, mbona Bibi Margaret hakucheka. Nimemjibu yote. Mgongo umekufa, Dada. Ni mzito sana.

T.